Yai, njiti na njaa ya ubongo

Nilikuwa nakaanga mayai ya chai ya jioni. La kwanza zima, la pili zima. La tatu nikaligonga kwenye ukingo wa bakuli, likamwagika, na mkono wangu ukabaki hewani.

Juu ya kiini palikuwa na wavu. Nyuzi nyekundu, nyembamba kuliko uzi wa kushonea, zimetawanyika kama mito kwenye ramani. Na pale katikati, kitu kidogo kama punje ya ulezi, chekundu, kinarukaruka.

Kinadunda.

Mama alichungulia begani kwangu. "Hilo limeshaingia damu. Yule kuku mweusi kalilalia, mie nikadhani la jana. Mwaga." Akarudi kwenye unga wake wa chapati kama mtu aliyeyaona mayai ya namna hiyo maisha yake yote, na kweli ameyaona.

Sikumwaga. Nilisimama na bakuli mkononi mpaka mafuta ya kikaangoni yakaanza kutoa moshi. Mapigo yakaanza kusuasua, maana bakuli la bati halina joto la kuku. Halafu yakatulia.

Nafundisha baiolojia sekondari hapa Tanga, huu mwaka wa 14. Nimechora moyo ubaoni mara nyingi kiasi kwamba naweza kuuchora nikiwa nimeupa mgongo. Ule ulikuwa moyo wa kwanza kuuona ukifanya kazi.

Pengine ningesahau. Lakini siku tisa baadaye mdogo wangu alijifungua akiwa na wiki 29.

## Usimnyanyue miguu

Njiti wetu alikuwa na gramu 1,150. Nimewahi kununua kuku mzito kuliko yeye.

Wodini kulikuwa na masharti mengi, na mengi niliyategemea: nawa mikono, usipige kelele, usimpake mafuta ya nazi hata kama bibi yake kaagiza. Moja tu lilinishangaza. Sista wa zamu alimwonyesha mdogo wangu jinsi ya kubadilisha nepi. "Usimnyanyue miguu juu. Mgeuze ubavu, taratibu. Na kichwa kikae katikati, kisiangalie upande."

Nikauliza kwa nini.

"Mishipa ya kichwani, dada. Bado teketeke. Siku tatu hizi za mwanzo ndizo tunazoziogopa."

Siku ya tatu daktari alikuja na mashine ya ultrasound. Alipaka jeli kwenye utosi, akaweka kifaa chake pale pale mahali ambapo sisi watu wa Pwani tumekanywa tangu utotoni tusipaguse. Utosi ni dirisha. Mfupa haujafunga, kwa hiyo mawimbi ya sauti yanaingia. Kwenye kioo ukatokea ubongo wa kijivu, laini, karibu hauna mikunjo, na upande mmoja doa jeupe dogo kama tone la maziwa.

"Amevuja kidogo. Daraja la kwanza. Wengi wa daraja hili hawapati shida. Tutarudia wiki ijayo."

Nilirudi nyumbani kwa bajaji nikiwa na swali moja. Kiungo ambacho Mungu amekijengea boma la mfupa, iweje kiwe na mishipa inayopasuka kwa sababu mtoto kanyanyuliwa miguu?

## Swali la kidato cha tatu

Wiki hiyo nilikuwa kwenye mada ya uratibu wa mwili. Nina sentensi yangu ya kufungulia mada hiyo, nimeitumia miaka yote: ubongo ni kamanda, mwili ni jeshi. Wanafunzi wanaipenda. Wanaiandika kwenye mtihani.

Safari hii, sijui kwa nini, niliwasimulia na habari ya yai. Binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye kwa kawaida huongea akiitwa tu, akanyoosha mkono.

"Madam, sasa huyo wa kwenye yai, moyo wake uliamrishwa na nani?"

Nilisema tutalirudia. Wenzangu walimu mnajua maana ya hilo.

Tuwe wakweli, kamanda wangu si uzushi mtupu. Mwaka 1851 Claude Bernard, kule Ufaransa, alikata neva fulani shingoni mwa sungura na sikio la upande ule likapata joto, kwa sababu mishipa yake ya damu ilikuwa imeachiwa ikapanuka. Kumbe neva ndizo zilikuwa zimeibana. Amri zinashuka kutoka juu, na ushahidi upo.

Ila sungura wa Bernard alikuwa mkubwa. Yai langu lilikuwa la siku tatu.

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alipasua mayai ya kuku siku moja moja na kuandika kwamba siku ya tatu moyo unaonekana kama doa la damu linaloruka. Ndilo lile nililoliona mimi, kwenye bakuli la bati. Karne nyingi baadaye William Harvey, daktari Mwingereza, naye aliyarudia mayai, na katika kitabu chake cha 1651 alishikilia kwamba damu hutangulia, kabla hata ya moyo kuanza kudunda. Leo tunajua moyo wa kifaranga huanza kupiga takriban saa 36 tangu yai lipate joto. Hakuna neva iliyoufikia. Misuli yenyewe inajianzia.

Na ubongo uko wapi saa hizo? Upo. Umeshajikunja kuwa mrija, na upande wa mbele umeanza kuvimba. Lakini hauna hata mshipa mmoja ndani yake.

Niliisoma sentensi hiyo mara tatu nikidhani nimeelewa vibaya. Mishipa ya damu ya ubongo haizaliwi ndani ya ubongo. Yote hutoka nje. Kwanza huulalia mrija ule kwa juu kama wavu wa mvuvi, kisha, kwa kifaranga kama siku ya nne, huanza kutoboa na kuingia. Yai langu lilikuwa limebakiza siku moja.

Kamanda hana hata bomba la maji kambini.

## Kuita

Kwa hiyo mishipa inajuaje pa kuingilia?

Jibu walilolipata watu wa maabara ni njaa. Seli za ubongo mchanga zinagawanyika kwa kasi, zinarundikana, na zile zilizo mbali na damu zinaishiwa oksijeni. Seli iliyoishiwa oksijeni huacha kuvunjavunja protini fulani ambayo siku zote huitengeneza na kuibomoa papo hapo. Protini hiyo ikipona, inaingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni kadhaa. Moja kati ya hizo hutengeneza protini iitwayo VEGF, nayo hutoka nje ya seli na kusambaa kama harufu ya pilau uani. Mshipa ulio karibu unaipata harufu. Seli moja ya mbele inatoa vidole vyembamba, inapapasa, inavuta wenzake nyuma yake, na njia mpya inachipuka kuelekea kwenye njaa. Waliofafanua jinsi seli inavyohisi upungufu wa oksijeni, William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza, walipewa Nobeli mwaka 2019.

Mwaka 1996 timu mbili, moja Ubelgiji na nyingine California, zilionyesha jinsi harufu hiyo isivyo na mzaha. Kila panya ana nakala mbili za jeni ya VEGF. Waliondoa moja tu. Nusu ya harufu ilibaki, lakini viinitete vilikufa katikati ya mimba, mishipa yao ikiwa pungufu na imeharibika. Jeni nyingi ukipunguza nakala moja mwili unajikaza na kuendelea. Hii haikubali punguzo.

Kuna jambo jingine ambalo watazamaji wa mayai waliliona zamani zaidi. Mjerumani Richard Thoma aliandika mwaka 1893, baada ya kukaa sana na viinitete vya kuku, kwamba mshipa unaopitisha damu nyingi hupanuka na usiopitisha hunyauka. Mwanzoni kuna wavu tu, matundu yanalingana. Kisha moyo unaanza kusukuma na vijia vingine vinakuwa barabara. Mnaoishi mitaa isiyopimwa mnalijua hili. Hakuna aliyechora njia za panya za mtaani kwetu, ni miguu ya watu, na ile isiyopitwa inaota majani.

Hapo nikawa nimepata jibu la yule binti, na nililipenda kupita kiasi. Ubongo hauamrishi. Ubongo unaona njaa, na njaa inajenga.

Nililala nalo siku mbili.

## Nilipolishuku

Kilichonitibua ni neno lenyewe. Njaa inajenga? Nani anasema hivyo? Mtu aliyeshiba. Nina wanafunzi wanaokuja shule bila kunywa chai, na sijamwona hata mmoja ambaye njaa imemjengea kitu. Nilikuwa nimechukua jambo la seli na kuligeuza hotuba, na kila nilipoirudia hotuba hiyo kichwani niliona doa jeupe kwenye kile kioo.

Kwa sababu lile doa lilikuwa kazi ya njaa hiyo hiyo.

Ndani kabisa ya ubongo wa njiti, ukingoni mwa vyumba vyenye maji, kuna kitalu ambamo seli za ubongo huzaliwa kabla hazijahama kwenda kwenye maskani yao. Kitalu hicho hunyauka mtoto anapokaribia kutimiza miezi. Kwa njiti wa wiki 29 bado kiko kazini. Seli zimejaa, oksijeni haitoshi, VEGF nyingi, mishipa inachipuka kwa haraka. Na mshipa wa haraka ni kama nyumba ya matofali mabichi: upo, lakini usiuegemee. Kuta zake nyembamba, seli za kuuegemeza kwa nje bado chache.

Ongeza na hili. Ubongo wa mtu mzima una ustadi wa kujipimia damu. Ni asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini unakula karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, na Charles Roy na Charles Sherrington waliandika tangu 1890 kwamba mishipa yake hufuata kazi inayofanyika pale pale. Shinikizo la damu likipanda mwilini, mishipa ya ubongo inajibana. Likishuka, inajiachia. Njiti hajaupata ustadi huo sawasawa. Ukimnyanyua miguu ghafla, au akilia sana, mtikisiko unaweza kupita moja kwa moja mpaka kwenye matofali mabichi.

Sista alikuwa ameniambia yote haya kwa neno moja. Teketeke.

Mwaka 2007 timu ya Praveen Ballabh, New York, ilijaribu kwa sungura waliozalishwa kabla ya wakati. Waliituliza VEGF kwa dawa kabla hawajazaliwa, na uvujaji kwenye kitalu kile ukapungua. Niliposoma nilitaka kumpigia daktari simu. Kisha nikakaa chini. Mwili wa njiti mzima unajengwa kwa harufu ile ile. Ukiizima kichwani, mapafu je? Macho?

Habari ya macho inajulikana, na ni chungu. Miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950 njiti katika hospitali tajiri waliwekwa kwenye mashine zilizojaa oksijeni, kwa nia njema kabisa. Retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ni kipande cha ubongo kilichotokeza nje, nayo inangoja mishipa. Ikishibishwa oksijeni kutoka hewani, haiiti. Mishipa inasimama. Siku mtoto anatolewa kwenye mashine, retina inajikuta na njaa kuu, inaita kwa fujo, na mishipa inaota ovyo mpaka inaivuta retina ibanduke. Maelfu walipofuka. Stevie Wonder, aliyezaliwa 1950 kabla ya siku zake, ni mmoja wao. Halafu hospitali zilipoibana oksijeni kwa woga, baadhi ya watoto ambao wangeishi walikufa.

Njaa ikizidi inapasua, ikipungua inapofusha. Hotuba yangu niliichana.

## Kware ndani ya kuku

Kilichonitoa hapo ni jaribio la mwaka 1981. Naomba nilisimulie pole pole, maana ndilo lililobaki nami kuliko yote.

Kwanza kuna kisa cha kware. Nicole Le Douarin, Mfaransa, mwishoni mwa miaka ya 1960 aligundua kwamba ukiitia rangi seli ya kware na kuitazama kwa hadubini, ndani ya kiini chake kuna donge lililokolea. Ya kuku haina. Ugunduzi wenyewe ni mdogo hivyo. Lakini maana yake ni kwamba ukipandikiza kinofu cha kware kwenye kiinitete cha kuku, kila seli inatembea na kitambulisho chake, na baada ya siku nyingi bado utajua nani katoka wapi. (Ndio, ni kware hawa hawa ambao mayai yao yaliwatia wafugaji wa Kenya kiwewe mwaka 2013, kisha soko likaanguka wakabaki na vizimba.)

Pili, kuna ukuta. Mwanzoni mwa karne iliyopita Edwin Goldmann alitia rangi ya buluu kwenye damu ya wanyama. Viungo vikawa buluu, ubongo na uti wa mgongo vikabaki vyeupe. Mishipa ya ubongo imezibwa vizuri kati ya seli na seli, haivujishi ovyo kama ya tumboni au ya misuli. Swali likawa: ule uzibo ni wa mshipa, au ni wa ubongo? Je, mishipa inayoingia kichwani ilizaliwa ya aina yake?

Patricia Stewart na Michael Wiley, Toronto, walichukua kipande cha ubongo wa kware wa siku tatu, siku ambazo ubongo bado hauna mishipa, wakakipandikiza tumboni mwa kiinitete cha kuku. Mishipa ya tumbo, mishipa ya kawaida kabisa, ikasikia harufu na kuingia.

Ikaziba.

Mishipa ambayo ingekaa tumboni ikivuja kama majirani zake, ilipoingia kwenye ubongo ikawa mishipa ya ubongo. Kisha wakageuza. Nyama ya tumbo ya kware ikawekwa kichwani mwa kuku, mishipa ya kichwani ikaingia humo, na humo ikawa inavuja.

Wazee walishasema, ukifika kwa wenye chongo nawe fumba jicho lako moja. Mshipa ni mgeni anayefuata desturi ya nyumba. Miaka mingi baadaye, mwaka 2008 na 2009, maabara kadhaa zilionyesha kwamba sehemu ya desturi hiyo hupokezanwa kwa protini za ukoo uitwao Wnt, ambazo ubongo mchanga huzitoa na mshipa unaoingia huzipokea.

Hapo nilijiuliza kama kamanda wangu hajarudi kwa mlango wa uani. Ubongo unafundisha mshipa, sivyo? Unafundisha, ndiyo. Lakini unamfundisha aliyekuja kumlisha, na baada ya kumwita, na bila yeye usingefika siku ya kufundisha lolote. Sijapata neno la uhusiano huo. Kamanda silo. Labda ni kama mke mgeni na familia ya mume: hujui mwisho wa siku nani kambadilisha nani, ila pilau ya nyumba ile haitakuwa tena na ladha ya zamani.

Yule binti nilimsimulia kware wote. Alisikiliza, akafikiri, akasema, "Kwa hiyo kwenye mtihani tuandike nini?"

Andikeni kamanda, nilimwambia. Nilimwona akitabasamu kwa chini.

## Bakuli

Sijaacha kufikiria lile bakuli. Watafiti hukata kidirisha kwenye ganda, hutazama, hupandikiza, hufunika kwa utepe na kurudisha yai kwenye joto. Uingereza, sheria inayolinda wanyama wa maabara humhesabu kifaranga kuanzia theluthi ya mwisho ya siku zake 21 ndani ya yai. Kabla ya hapo, kisheria, ni yai. Kwa Mama ni yai mpaka litoe sauti. Mimi sasa hivi mayai nayamulika kwa tochi ya simu kabla sijayapasua, kama wanavyofanya wenye mashine za kutotolesha. Likiwa na nyuzi namrudishia kuku mweusi. Hajawahi kunishukuru.

Sindano mbili alizochomwa mdogo wangu kabla ya kujifungua, zile za kukomaza mapafu, zilianzia kwa kondoo wa New Zealand. Graham Liggins alikuwa akichunguza nini huanzisha uchungu, akashangaa kondoo waliozaliwa mapema mno wanapumua. Mwaka 1972 yeye na Ross Howie walichapisha matokeo ya majaribio kwa akina mama. Kundi la Ballabh baadaye lilionyesha kwamba dawa za jamii hiyo huituliza pia mishipa ya kile kitalu. Kondoo wale nao nimewaweka kwenye hesabu, pamoja na sungura, panya na kware. Sijui niwaweke upande gani wa daftari.

Doa lilififia. Kipimo cha wiki ya pili halikukua, cha wiki ya tano daktari alilitafuta akalikosa. Mdogo wangu alikaa wiki sita na njiti kifuani, ngozi kwa ngozi, amefungwa kitenge, hainuki ila kwenda msalani. Mama alipokuja kumtazama alicheka mpaka sista akamnyamazisha. "Kalalia kama kuku wangu."

Sasa yuko nyumbani, ana kilo tano na ushee, ana sauti ya mwadhini. Jumapili iliyopita alikuwa amelala kwenye mkeka, kanga imemteleza kichwani, na nikauona utosi. Ngozi laini ikipanda na kushuka. Nikainama. Nikaanza kuhesabu, na kidole kikatangulia chenyewe.

Mama alinipiga kofi la mkono hata sikumwona anakuja.

"Mwalimu mzima," akasema, akamfunika.